Mbuta wa kuchoma na wa moshi: nje mkaa, ndani mbichi. Kosa liko wapi?

JikoniMilimani (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Swali langu ni la mbuta (sangara wa Ziwa Victoria), si la ngege (sato). Ngege hana maneno: mchanje, mpake chumvi, wavuni, mezani. Anayesumbua ni mbuta wa kilo 4 hadi 6, yule wa ufuko wa Dunga wa alfajiri ambaye mashavu yake bado ni mekundu, na anasumbua kwa njia zote mbili.

Kwenye jiko la makaa: dakika mbili hazijaisha, mafuta yanachuruzika, moto unalipuka, ngozi inaungua na kunasa kwenye wavu. Ukipasua karibu na mfupa, nyama bado inang'aa kama kioo.

Kwenye moshi: pipa la lita 200, mlango umekatwa chini, wavu mmoja juu, kifuniko cha bati. Kuni ni mkaratusi pamoja na vipande vya mbao vya kuokota kwa seremala. Chumvi inanyunyizwa samaki akiwa tayari juu ya wavu. Baada ya saa mbili na nusu anatoka mweusi tititi, mchungu, juu ana utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, na siku ya tatu kabatini ameota ukungu.

Naomba vipimo, si "kadiri upendavyo". Chumvi kiasi gani, umbali gani kutoka motoni, muda gani, kuni zipi. Na hilo pipa linafaa au ni la kutupwa?


MakaaYaPole (Nakuru)

Nitajibu la kuchoma. La pipa lina mafundi wake humu ndani.

Mbuta mkubwa ni kama samaki wawili kwenye ngozi moja. Mgongo ni mnofu mnene wenye mafuta kidogo. Tumbo ni jembamba na ndiko mafuta yalikojaa. Anavyozidi kukua ndivyo mafuta yanavyozidi, kwa hiyo ujuzi wa mbuta wa kilo moja hauwezi kukusaidia kwa wa kilo 6. Ukiweka motoni kipande chenye mgongo na tumbo pamoja, tumbo linawasha moto, na moto huo unaunguza mgongo kabla haujaiva. Watenganishe. Kata mkanda wote wa tumbo, kuanzia chini ya pezi la kifuani hadi kwenye tundu la haja, uweke kando. Huo ukatekate, uweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, ujikaange kwa mafuta yake wenyewe. Kwangu ndio utamu wa samaki wote, lakini hilo tunaweza kubishana siku nyingine.

Mnofu wa mgongo ukate vipande vyenye unene wa sentimita 2.5, ngozi ibaki. Hapa kuna hila ambayo wengi wanaikosa: kama huna haja ya kula ngozi, usipare magamba. Magamba ya mbuta mkubwa ni manene, yanakuwa ngao kati ya makaa na nyama. Unachoma upande wa magamba karibu muda wote, kisha unachota nyama juu yake kama unayekula kwenye sahani. Ukitaka ngozi ya kutafuna, basi para vizuri, na uikaushe kwa kitambaa hadi kitambaa kisishike maji tena. Ngozi yenye maji ndiyo inayonasa: joto la wavu linaishia kukausha maji badala ya kuikaza ngozi, na nyama mbichi inashikamana na chuma.

Chumvi gramu 15 kwa kilo ya mnofu, ipake dakika 30 kabla, kisha futa maji yaliyotoka. Ndimu usiiache zaidi ya nusu saa; asidi yake inakaza nyama juu na kuifanya imeguke motoni. Mimi naona ndimu ikae mezani tu. Nyanya ya kopo, asali, chochote chenye sukari, kipakwe dakika mbili za mwisho, la sivyo kitaungua kabla ya samaki kushika joto.

Sasa jiko. Makaa yaachwe hadi yote yavae jivu la kijivu, kisha yasukume yote upande mmoja. Upande usio na makaa, weka chini karai dogo au trei kuukuu yenye maji ya kimo cha kidole kimoja, na samaki akae juu yake, si juu ya makaa. Mafuta yataangukia maji. Wavu uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya makaa, upashwe moto dakika 10, usuguliwe kwa brashi ya waya, kisha upakwe mafuta kwa nusu ya kitunguu kilichochomwa kwenye uma. Samaki naye apakwe mafuta kidogo. Ndiyo, samaki mwenye mafuta anapakwa mafuta, kwa sababu ya kwake bado yamo ndani, hayajafika kwenye ngozi.

Weka ngozi chini, funika kwa sufuria pana iliyopinduliwa. Kwa unene wa sentimita 2.5 hesabu dakika 10 kwa jumla ukiwa karibu na makaa, 15 hivi ukiwa mbali nayo kama ninavyokuambia. Theluthi mbili za muda ziwe upande wa ngozi. Unapotaka kugeuza, inua pembe moja: ikigoma, haijawa tayari, iache dakika nyingine. Samaki aliyeiva upande mmoja hujiachia mwenyewe. Na moto ukilipuka usimwage maji. Jivu litaruka lote likae kwenye chakula. Sogeza samaki, funika, moto utakosa hewa.

Kujua ameiva: chomeka kisu chembamba kwenye sehemu nene zaidi, hesabu hadi 10, kitoe ukiguse chini ya mdomo. Kikiwa vuguvugu tu, bado. Kikikufanya utoe mdomo haraka, tayari. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya mnofu.


FundiPipa (Kibuye)

Pipa si la kutupwa, ila hilo ulilonalo ni jiko tu lenye kuta ndefu. Kosa ni lilelile la makaa: hakuna kitu kati ya mafuta na moto. Mafuta yanadondoka, yanawaka, yanarudi juu kama masizi. Huo weusi ni masizi, wala si rangi ya moshi. Samaki wa moshi aliyefanikiwa ana rangi ya kahawia ya dhahabu, kama chai ya rangi.

Kwanza historia ya pipa. Liwe lilikuwa na mafuta ya kupikia au kitu cha kuliwa. La dawa za shamba au la thina usiliguse hata kama bei ni ya bure. Liwashie moto mkali ndani saa nzima hadi rangi yote ibabuke, nje na ndani, likwangue kwa brashi ya waya, lioshe kwa sabuni, kisha lifukize tupu mara moja kabla ya kuweka samaki.

Pipa la kawaida lina kimo cha karibu sentimita 88 na upana wa 57. Kutoka chini panga hivi:

Mlango wa moto, sentimita 30 kwa 25, uanzie sentimita 5 kutoka sakafuni, uwe na bawaba. Huo ndio mkono wako wa kuongeza na kupunguza hewa, kwa hiyo ufunge vizuri.

Kwenye sentimita 40, pitisha vyuma vitatu vya milimita 10 kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake weka karai la chuma la upana wa sentimita 45. Linabaki pengo la sentimita 6 kuzunguka, moshi unapita pembeni, mafuta yanaishia karaini. Karai hilo ndilo linalotofautisha pipa la kukausha samaki na pipa la kuunguza samaki. Ukifanya jambo moja tu kati ya haya yote, fanya hilo.

Wavu wa kwanza sentimita 62, wa pili 78. Usizidishe hapo, pipa hili linabeba kilo 6 hadi 8 za vipande, visigusane.

Wavu wenyewe uwe wa chuma kisichoshika kutu, au chuma cheusi kilichopakwa mafuta ya kupikia. Wavu wa kuku na ule wa kuanikia kahawa kwa kawaida umepakwa zinki, na chumvi pamoja na asidi ya moshi huila zinki hiyo ikaingia kwenye chakula.

Kifuniko cha bati ndicho kinachokupa madoa machungu. Bati ni baridi upande wa nje, mvuke na lami ya moshi vinagandia chini yake kisha vinadondokea samaki tone kwa tone. Tumia gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa, likunjwe mara mbili, au kifuniko cha mbao ngumu isiyo na rangi, chenye matundu manne ya upana wa kidole gumba. Moshi unatakiwa kupita, si kulala humo. Ukilala unachachuka.

Wenye nafasi uani wachimbe mtaro wa mita moja na nusu, moto ukae mwisho mmoja na pipa lisilo na kitako mwisho mwingine, mtaro ufunikwe kwa bati na udongo. Moshi unafika ukiwa umepoa na umeacha masizi njiani. Wazo hilo la kutenga moto na samaki, kukinga mafuta na kuleta moshi kutoka pembeni, ndilo lililo kwenye oveni ya Thiaroye iliyobuniwa Senegal kwa ushirikiano na FAO. Sababu yake ni masizi hayohayo: yana kemikali za kusababisha saratani, na Umoja wa Ulaya ulishusha kikomo cha mojawapo, benzopireni, kutoka mikrogramu 5 hadi 2 kwa kilo ya samaki wa moshi mwaka 2014. Sisi tunaokula nyumbani hatupimwi na mtu, lakini tumbo ni lilelile.


JikoniMilimani

Asanteni sana. Karai nitaweka kesho. Bado mambo matatu: ule utando mweupe unatoka wapi? Nikose kipimajoto nifanyeje na pipa? Na kuni zilowekwe majini au la? Kila mtu ana lake.


NyarUsenge (Siaya)

Utando mweupe ni utomvu wa nyama yenyewe, protini iliyosukumwa nje na joto la ghafla kabla ngozi ya juu haijakauka. Haudhuru mtu, ila unakwambia umeanza kwa moto mkubwa. Dawa yake ni mpangilio, na mpangilio unaanza kabla ya moto kuwashwa.

Samaki akitoka majini, mtumbue mara moja. Nyongo isipasuke, ikipasuka kata kabisa sehemu iliyopata kijani, kuosha hakuondoi uchungu. Toa mashavu yote na ule mstari wa damu unaolala chini ya uti wa mgongo, usugue kwa kucha au kijiko. Damu hiyo ndiyo inayoanza kunuka kabla ya nyama. Mfuko wa hewa, wengine wanauita bondo, usiutupe hovyo. Una wanunuzi wake ufukweni na bei yake si ya mchezo. Kama samaki bado amekakamaa kama ubao, mngoje kwenye barafu hadi alegee. Ukimkata akiwa amekakamaa minofu inajikunja na kupasuka.

Chumvi ya kunyunyiza wavuni haiingii, inaishia juu na kudondoka na maji. Tengeneza maji ya chumvi: gramu 80 kwa lita moja. Usiye na mizani, hiyo ni vijiko vya mezani vinne na nusu vya chumvi laini, vya kusawazishwa. Lita 2 kwa kilo ya vipande, maji yawe baridi, na barafu ndani kama ipo. Vipande vya sentimita 2.5 vikae saa moja. Vipande vya tumbo viongeze dakika 20, kwa sababu mafuta yanazuia chumvi kupita. Maji hayo yakitumika yamwagwe, yasitumike tena kesho.

Suuza haraka, tundika au panga wavuni kivulini penye upepo, ukiwa umefunika kwa neti ya mbu, saa moja hadi mbili. Unangoja kitu kimoja: ukigusa nyama kwa kidole, iwe inanata kidogo bila kulowesha kidole. Hapo imejifunga juu. Moshi unashika sawasawa kwenye uso wa namna hiyo. Kwenye uso wenye maji unageuka kuwa mistari michungu. Siku ya mvua ambayo upepo hauna kazi, fanya hatua hii ndani ya pipa, mlango wazi, makaa machache, moshi hakuna.

Kisha moto, kwa awamu tatu. Ya kwanza, nyuzi 30 hadi 40, nusu saa hadi saa moja, juu pakiwa wazi. Ya pili, 50 hadi 60, saa moja, hapa ndipo moshi unatakiwa uwe wa kutosha. Ya tatu, 80 hadi 90, hadi katikati ya kipande ifike 63 na ikae hapo nusu saa. Jumla ni saa 3 hadi 4. Awamu mbili za kwanza pamoja zisipite saa mbili, maana joto la vuguvugu ndilo wadudu wa maradhi wanalolipenda. Kwa hiyo "polepole" ina kikomo chake.

Kipimajoto cha jikoni chenye sindano si ghali, na ni heri kukinunua kabla ya kununua kuni. Ukishakipata kijaribu kwa maji yanayotokota, lakini usitarajie 100. Kisumu tuko mita 1,130 hivi juu ya bahari, maji hutokota karibu nyuzi 96. Nakuru kwenye mita 1,850 ni karibu 94. Watu wamerudisha dukani vipimajoto vizima kwa kutojua hilo. Kabla hujakinunua, tumia mkono kwenye ukuta wa pipa, usawa wa wavu: ukiweza kuushikilia kwa raha uko kwenye awamu ya kwanza, ukihesabu hadi tatu ukautoa umeingia ya pili, ukishindwa kugusa kabisa ni ya tatu. Tone la maji ukutani likichemka na kuruka umepitiliza.

Kuni: mkaratusi una mafuta yenye harufu ya dawa ya kikohozi, ndiyo unayoyasikia kwenye ulimi. Saipresi na msonobari zina utomvu, zinatoa lami. Mbao za seremala usizitie tena, hujui ipi ina gundi, ipi dawa ya mchwa, ipi rangi. Chukua mpera, mwembe au mgunga, vilivyokauka miezi sita, vyembamba kama mkono wa mtoto. Mpera ndio naupenda kwa mbuta. Moshi wake ni mtamu na hauna haraka. Angalia moshi unaotoka juu: ukiwa mwembamba wenye ubuluu, endelea. Ukiwa mzito mweupe au wa manjano, kuni zina maji au moto hauna hewa, fungua mlango kidogo.


MagunziTele (Kakamega)

Hapo kwa kuni nina la kuongeza na la kupinga. Magunzi ya mahindi yaliyokauka yanatoa moshi mzuri na hayana bei huku kwetu. Kila dakika 20 tupia manne au matano juu ya makaa. Maganda ya muwa pia, lakini yakaushwe kabisa, yanawaka upesi.

La kupinga: unga wa mbao lazima uloweshwe. Ukiutia mkavu juu ya kaa unawaka mwali, na mwali hauna moshi wenye ladha.


NyarUsenge

Tunasema vitu viwili tofauti. Unga wa mbao unyunyizie maji hadi ukiukamata kwa mkono ushikamane bila kutoa tone. Hapo uko sawa, maana chembe ndogo zinanyonya maji na zinahitaji breki. Gogo au kipande cha kuni ukikiloweka usiku kucha, maji yanaingia milimita chache tu, kazi yake ni kutoa mvuke nusu saa nzima na kupoza moto wako. Kwa hiyo unga, ndiyo, kuni, hapana. Na huo unga utoke kwa mti unaoujua, si sakafuni kwa mtu anayepasua mbao za kila aina.


FundiPipa

Neno moja kwa MakaaYaPole kuhusu maji kwenye trei. Kwenye jiko la kuchoma sawa, unamaliza kwa robo saa. Kwenye pipa, karai likiwa na maji tangu mwanzo unampika samaki kwa mvuke wakati unajaribu kumkausha. Karai likae kavu awamu mbili za kwanza. Ikianza ya tatu, mwaga nusu lita ya maji karaini, yaani kabla mafuta hayajaanza kutoa moshi. Yakiwa yameshaanza kutoa moshi au kuwaka usithubutu kumwaga maji. Funga mlango, funika juu, ngoja.


MakaaYaPole

Nimekubali. Kwa pipa una haki.


BarafuNaKikapu (Nakuru)

Hakuna aliyegusa ukungu, na huko ndiko samaki wengi wanakopotelea.

Samaki wa awamu tatu za NyarUsenge ameiva, ameshika moshi, lakini bado ana maji mengi ndani. Amepungua uzito labda robo tu. Huyo ni chakula, si akiba. Kabatini kwa joto la Kisumu anastahili siku hiyo hiyo. Kwenye friji ya nyuzi 4, siku nne au tano. Kwenye friza, miezi miwili, na baada ya hapo mafuta yanageuka ingawa nyama haijaoza. Harufu ya mafuta yaliyogeuka ni kama ya rangi ya mbao, na ukali wake unabaki kooni. Ukiisikia, hakuna pilipili ya kuificha.

Akiba ya kabatini ni jambo lingine: lazima umkaushe hadi kilo 3 za vipande vibichi zibaki kilo moja au pungufu, vikivunjwa vikatike kwa sauti. Baada ya kuiva, shusha hadi nyuzi 50 au 60 na uendelee saa 10 hadi 15, ukigeuza na kubadilisha nyavu, wa juu uje chini. Kwa mbuta wa kilo 6 mimi sishauri. Mafuta hayakauki. Maji yanatoka, mafuta yanabaki, na yakikaa kwenye hewa na mwanga yanachacha hata kama kipande ni kikavu kama kuni. Ndiyo maana mbuta alipojaa ziwani miaka ya 1980, jua lililokuwa likitosha kwa samaki wadogo halikutosha kwake, ikabidi kuni na mapipa ya kukaangia. Kwa akiba chagua mbuta mdogo, au mgongo peke yake.

Ukungu wako umetoka kwenye mambo mawili, nadhani yote kwa pamoja: ndani alikuwa mbichi, na ulimfunika akiwa moto. Samaki wa moshi lazima apoe kabisa juu ya wavu, saa mbili au tatu chini ya neti, ndipo afungwe. Afungwe kwa karatasi isiyo na maandishi au kitambaa, kwenye kikapu chenye kupitisha hewa. Mfuko wa plastiki unamtoa jasho. Na ile mifuko ya kunyonya hewa isikudanganye: bila friji, samaki wa moshi aliyefungwa bila hewa ni nyumba nzuri ya bakteria wa botulizimu, ambao sumu yake haina harufu wala rangi.

Wa kikapuni, yule mkavu wa akiba, mrudishe kwenye moshi kila siku ya tatu au ya nne, nusu saa, hasa msimu wa mvua. Ukiona vumbi laini chini ya kikapu na vitundu kwenye nyama, ni mende wale wadogo wa samaki wakavu na funza wao wenye manyoya. Joto la nyuzi 60 kwa saa moja linawaua, ila walichokula kimeshaliwa.

Na kwa wale wa huku Nakuru wanaoagiza mbichi kutoka ziwani: ni karibu kilomita 180 za barabara. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, barafu iliyopondwa, chini na juu na ndani ya tumbo, na sanduku liwe na tundu la kutolea maji. Samaki anayeelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anafika ameshalegea.


JikoniMilimani

Nimenakili yote kwenye daftari. La mwisho: pipa hilohilo linaweza kubeba mumi (kambale) na kamongo (samaki mwenye mapafu), au kuna mabadiliko?


NyarUsenge

Linabeba. Wote wawili hawana magamba ya kupara kama mbuta, taabu ni ute. Wasugue kwa jivu la kuni au chumvi ya mawe, osha, rudia hadi mkono usiteleze. Mumi wadogo wa nusu kilo wapinde duara, mkia upitie mdomoni au ushikiliwe kwa kijiti, wanasimama wenyewe wavuni bila kugusana. Kamongo mkate pingili za sentimita 4 au 5; ngozi yake ni nene, chumvi ipe saa moja na nusu badala ya moja. Muda wa awamu ya tatu uongeze hadi saa mbili, na upime joto kwenye pingili nene kuliko zote, ile ya nyuma ya kichwa, sio ya mkia.


FundiPipa

Na kabla ya kumtia kamongo, toa karai umwage mafuta ya mbuta. Yakibaki humo yatawaka kwenye hiyo saa ya pili.